Maua ya shaba: kilima kikiisha, yataota wapi?



Juma hili tutoke kidogo jikoni, twende hadi kwenye vilima vyetu. Kila mama aliyesafiri kutoka Kolwezi kwenda Fungurume na Likasi ameviona: katikati ya miombo kunatokea kilima kisicho na miti, nyasi na mawe tu. Wazee walijua maana yake. Kilima chenye upara ni kilima cha shaba. Udongo wake una shaba nyingi, na mara nyingi kobalti pia, hata miti inashindwa kuuvumilia. Kwa alama hiyo wahenga walijua pa kuchimba. Waliyeyusha shaba na kutengeneza misalaba midogo iliyotumika kama fedha, karne nyingi kabla ya Gécamines.

Lakini upara huo una uhai wake. Kwenye vilima hivyo huota mamia ya aina za mimea, na zaidi ya 30 kati yake haipatikani popote pengine duniani. Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, aliichunguza katika miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimeendelea na kazi hiyo.

Kuna Crotalaria cobalticola, ya ukoo wa maharagwe na karanga, yenye maua ya njano, inayopenda udongo wa kobalti. Kuna Haumaniastrum katangense, ya ukoo mmoja na lumba-lumba. Hii huota hata kando ya njia na mahali watu wa kale walipoyeyushia shaba, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameifuata ili wapate tanuri zao. Tena kuna Crepidorhopalon perennis, ua dogo linalojulikana pande za Fungurume tu.

Mama mmoja atasema: “Lakini mimi nayaona maua hata juu ya udongo uliotupwa na mashini!” Ni kweli, mama. Aina chache kama hiyo Haumaniastrum hupenda udongo uliochimbuliwa. Nyingine zinahitaji mteremko ambao haujaguswa, na mizizi yake hukaa humo miaka na miaka. Mashini ikipita, hazirudi zenyewe. Na kilima cha jirani huenda hakina aina hiyo hata moja.

Hatusemi watu waache kuchimba. Bukari ya nyumba nyingi hapa inatoka kwenye shaba na kobalti. Tunasema kitu kimoja: kabla kilima hakijafunguliwa, maua yake yahesabiwe, na yatafutiwe mahali. Inawezekana. Pande za Tenke na Fungurume, kampuni na wataalamu wa chuo kikuu wamekusanya mbegu, wamehamisha udongo wa juu pamoja na mizizi yake, na kutenga sehemu ndogo zisizochimbwa. Kazi hiyo haifaulu kwa kila aina, kwa hiyo kuacha kipande cha kilima kama kilivyo ndiyo njia iliyo bora.

Sisi akina mama tufanye nini?

Kwanza, tusing’oe maua haya kuyapeleka nyumbani. Katika udongo wa kawaida nyasi nyingine huyashinda.

Pili, tuyasome kama alama. Mahali yanapoota kwa wingi, tusipande lengalenga wala mboga nyingine za majani, kwa sababu zinavuta madini ya udongo huo na kuyaleta kwenye sahani ya mtoto. Watoto wasichezee vumbi lake pia.

Tatu, tuketi mkutanoni. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni iandikiane na jamii ahadi zake, ile karatasi tunayoiita cahier des charges, na itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Pia, kabla ya kuchimba, kampuni hutakiwa kuchunguza madhara kwa mazingira na kuwasikiliza wakaaji. Hapo ndipo pa kuuliza. Tukiomba maji na shule, tuongeze sentensi moja: “Ni kipande gani cha kilima kitaachwa, na nani atakilinda?” Jibu liandikwe, lisibaki mdomoni.

Shaba ikiuzwa, fedha hupatikana. Ua ambalo liliota kwetu peke yake likiisha, hakuna soko litakalotuuzia jingine.

Ya kuzungumza katika kikundi: Katika mtaa wetu, ni kilima gani bado hakijaguswa? Nani kati yetu huketi kwenye mikutano ya kampuni? Bustani zetu za mboga ziko kwenye udongo wa aina gani?

Tuonane juma lijalo. Mbaki na amani.