Amani ya kununua kwa mali ya jirani

Hivi jamani, nani kasema serikali huwabembeleza wababe kwa kupenda amani? Danganya toto! Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo, lakini mafuta yakaachwa na mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli zake. Kisa? Uingereza na Ufaransa zilimtaka awe upande wao dhidi ya Hitler. Desemba ile mawaziri wao wa mambo ya nje, Hoare na Laval, wakapanga kumkatia sehemu kubwa ya Ethiopia. Ardhi si yao, damu si yao. Mkuki kwa nguruwe! Juni 1940 Mussolini huyohuyo akazitangazia vita zote mbili. Mbabe hashibi. Ukimpa cha jirani leo, kesho anabisha hodi kwako.