Kilima juu ya kasuku

MIZANI YA SOKO
Na Mwende Kasyoka

Mwezi wa Februari nilisimama kando ya lami pale Ikutha nikimtazama mama mmoja akiuza ndengu za mvua za vuli. Mnunuzi alipima kwa kasuku, lile kopo la kilo mbili. Hakuikata kwa kiganja. Alimimina mpaka ndengu zikafanya kilima na nyingine zikaanza kumwagika kwenye turubai. Ndipo akahesabu moja. Dukani, kasuku hiyohiyo huuzwa imekatwa sawa na ukingo.

Kilima kile hakionekani katika jedwali lolote la bei.

Wizara ya Kilimo ina mfumo wake wa taarifa za masoko, KAMIS, ambao huorodhesha bei za mazao soko kwa soko, pamoja na kaunti na tarehe. Ni kazi nzuri, na mwenye simu yenye intaneti anaweza kuufungua. Una safu ya bei ya jumla na safu ya rejareja. Bei ya shambani, ile aliyopokea mama yule, haimo. Kwa hiyo afisa anayetaka kujua mkulima anabaki na fungu gani huitafuta kwingine, akaipanga kando ya hizo mbili katika Excel au Power BI, kisha akachora mchoro. Hapo ndipo tunapopotezana.

Tuseme safu ya shambani inasoma shilingi 140, ya jumla 9,000, ya rejareja 150. Anayezitazama harakaharaka ataona mkulima na muuza duka wamekaribiana, na atamlaumu mwenye bohari. Lakini 140 ni ya kasuku ya kilo mbili, 9,000 ni ya gunia la kilo 90, na 150 ni ya kilo moja. Zirudishe zote kwenye kilo: 70, 100, 150. Kumbe mkulima hapati hata nusu ya bei ya dukani. Na bado hatujapima kilima. Kikiongeza gramu 300 tu, kilo imemtoka mama yule kwa shilingi 61 hivi.

Programu haitamwonya afisa huyo. Itamchorea nguzo tatu za rangi nzuri, naye atazibeba mkutanoni.

Aina ya ndengu pia ni ya kuangaliwa, maana nailoni na anko haziwekwi gunia moja. Tarehe nayo: bei ya Februari, wakati kila boma linauza, haisemi lolote ikiwekwa mkabala na ya Novemba, wakati maghala yamebaki vumbi. Februari ilinganishwe na Februari.

Kinachoniudhi zaidi ni wastani wa kaunti. Ikutha imo Kitui, lakini gari lenye ndengu zetu mara nyingi huvuka mto Athi kuelekea Kibwezi, ambayo ni Makueni. Ukichanganya bei ya Ikutha na za Kitui mjini na Mwingi, kisha ukagawanya, unapata bei ambayo hakuna mkulima wa huku aliyewahi kuambiwa. Iwekeni Ikutha kando ya Kibwezi, siku moja, aina moja, kwa kilo. Tofauti itakayobaki, ukiondoa nauli na gunia, ndiyo ya kuulizwa ni ya nani.

Naziomba idara za kilimo za Kitui na Makueni ziongeze safu ya tatu, ya bei ya shambani, na anayeikusanya aje na mizani, asiandike alichosimuliwa. Nanyi mnaovuna msimu ujao, kabla hamjakubali bei ya kasuku, ombeni ipimwe kwanza ikiwa na kilima chake. Mkiona mizani inapita kilo mbili, daini malipo ya kilichozidi.