Msifukie Kidimbwi cha Babu kwa Sababu ya Video Yangu

Wacha nianze na namba kabla hamjanirukia. Watu 14. Saa sita kando ya maji. Samaki 9.

Hiyo ndiyo video niliyoweka Jumapili, na komenti zimekuwa kicheko tupu. "Wazungu weusi." "Kazi ya watu wasio na kazi." Mmoja akaandika, "Ndio maana chuo kilimshinda." Sawa, nimecheka pia. Chuo niliacha mwaka wa pili, kila mtu Werugha anajua, si siri.

Lakini juzi mambo yakabadilika. Baba mdogo ameona hiyo video kwa simu ya mtu, akaja nyumbani na kusema: "Mmeona wenyewe. Baridi hii haina samaki. Tufukie kile kidimbwi cha mzee tupande kabeji." Babu akanyamaza. Kidimbwi alichimba kwa mikono yake, na sasa video yangu ndiyo ushahidi wa kukifukia.

Kwa hivyo leo sichekeshi. Mmeisoma hiyo video vibaya.

Kwanza, jinsi mashindano yalivyokuwa. Sisi ni kikundi kidogo tu, hakina hata jina. Jirani ana vidimbwi viwili vilivyokaribiana, maji ni ya kijito kimoja. Cha juu kina tilapia, kama cha babu. Cha chini kina kapu. Najua wengi wenu mkisikia kapu mnawaza soko la Wundanyi. Huyu ni samaki, mnene, magamba makubwa, ana vindevu viwili viwili pembeni mwa mdomo. Jirani alileta vifaranga kutoka bara.

Tulipiga kura ya mahali pa kukaa. Saba juu, saba chini. Baada ya saa tatu tukabadilishana, ili asije mtu akasema alipewa maji mabaya. Mshindi ni mwenye uzito wa jumla, si mwenye samaki mkubwa.

Ilikuwa Julai, na wa hapa mnaijua Julai yetu. Upepo wa kusi unapanda na ukungu wake, unavaa jaketi ndani ya nyumba. Tulianza saa mbili asubuhi na vidole havikunji. Kufunga ndoana ilikuwa shida, mimi nilijidunga mara mbili. Saa moja asubuhi nilikuwa nimetumbukiza kipimajoto: nyuzi 16. Saa saba mchana, jua lilipochungulia kidogo, 19.

Sasa sikilizeni vizuri. Kati ya wale samaki 9, kidimbwi cha tilapia kilitoa 1. Cha kapu kilitoa 8. Watu ni wale wale, minyoo ni ile ile, ugali ni ule ule, baridi ni ile ile.

Ni nani aliyeshindwa hapo? Sisi ama tilapia?

Tilapia ni samaki wa joto. Anastawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 anapunguza kula sana, na kwenye 16 huko karibu anaacha kabisa. Hafi, anakaa tu. Na samaki asiyekula haongezeki, hata umwagie chakula cha elfu ngapi. Yule mmoja tuliyemtoa alikuwa kama kiganja changu, na jirani anasema amemweka humo miaka miwili. Miaka miwili, wasee! Nakubali pia kwamba tilapia wakizaana na kusongamana wanadumaa hata penye joto. Lakini huku kwetu wanaanza mbio wakiwa wameshafungwa miguu.

Kapu naye anapenda joto pia, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba baridi haimfungi mdomo kabisa. Ulaya anaishi kwenye mabwawa yanayoganda barafu juu. Kule Ucheki na Polandi ndiye samaki wa Krismasi, kwa hivyo huyo aliyeandika "samaki wa matope" aende akawaambie wao. Uingereza vilabu vinamshindania hata wakati wa baridi kali.

Baridi inamfanya mpole tu. Tuliochelewa kuelewa hilo ndio tuliolala njaa. Mimi nilianza na ndoana kubwa na donge la ugali kama la kumlisha mtu mzima, nikakaa masaa bila kitu. Aliyeshinda ni mama mmoja anayeuza kabeji. Alitumia ndoana ndogo, kipande cha mnyoo kisichozidi kucha, akashusha mpaka chini kabisa upande wa kina. Hakurusha chakula ovyo majini. Boya lake halikuzama, lilitikisika tu kama limeguswa na upepo, naye akavuta. Samaki watatu, kilo 2.1. Kuna kijana alitoa mmoja wa kilo 1.4 akajipiga picha kumi na tano, lakini akawa wa pili. Mimi? Mmoja, gramu 600, saa saba na nusu, maji yalipopata joto kidogo. Nilifurahi kuliko siku niliyopata barua ya chuo.

Kwa wale wa "mnacheza na chakula": samaki walirudi majini wazima. Tulibana vile vimiba vya ndoana kwa koleo, tukalowesha mikono kabla ya kuwashika. Ni mali ya jirani, atawavua na kuwauza akiamua. Na kila fimbo ililipa 200. Hiyo ni 2,800. Mshindi alipewa 1,000, chai na mandazi 300, mwenye kidimbwi akabaki na 1,500 na samaki wake wote. Siku moja, Julai. Niambieni ni kabeji ngapi mtu anauza kupata 1,500 bei ikiwa imeanguka.

Shida yetu ni kunakili. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi nchi nzima, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140, na samaki waliopewa kipaumbele walikuwa tilapia na kambare. Babu hakuwa kwenye orodha yoyote. Aliona wengine wanachimba, naye akachimba. Akanunua vifaranga kwa mtu aliyempigia hesabu ya faida kwenye karatasi. Huyo mtu hakuuliza maji yana nyuzi ngapi. Babu hakuuliza. Baba hakuuliza. Mimi niliyefika chuo kikuu sikuuliza pia, mpaka mwaka huu.

Panda matatu kutoka Voi ukiwa na fulana, ukipita Mwatate na kuanza zile kona, unatafuta sweta. Kaunti ni moja, hewa ni mbili. Kinachokua Voi si lazima kikue Werugha, na hakuna mtu anapanda nazi huku juu. Kwa nini kwa samaki tukasahau? Hata wakoloni, pamoja na ubaya wao, mwaka 1905 walipopeleka samaki Mto Gura kule Aberdare walipeleka trauti, kwa sababu mto ni wa baridi na trauti ni wa baridi.

Na msinisikie vibaya. Sisemi kesho kila mtu akimbilie kapu. Hapo tutakuwa tumenakili tena. Kapu ni mjanja wa kutoroka. Walitokea Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani ya miaka kumi wakawa ndio samaki wengi kwenye nyavu za wavuvi. Mito yetu inashuka tambarare, na kaunti hii hii ina Ziwa Chala, lenye aina ya tilapia ambayo kiasili haipatikani kwingine duniani. Kwa hivyo kwanza ni afisa wa uvuvi aje aone, mfereji wa kutolea maji uwekwe wavu wa chuma, halafu ndipo tuzungumze vifaranga.

Baba mdogo, najua utasomewa hii. Kwa heshima zote, naomba muda mpaka Februari, wakati wa joto. Nitapima maji ya kidimbwi cha mzee kila siku, saa moja asubuhi na saa nane mchana, na kuandika hapa namba zote, hata zikinipinga. Nikikuta hata Februari maji hayafiki 22, tunawatoa tilapia wote, tunakaanga, tunakula na babu. Halafu tunamwita afisa kuhusu samaki wengine. Akisema haifai pia, jembe nitashika mimi.

Lakini usikifukie kwa sababu ya samaki 9. Wanane kati yao wanakupinga.

Kipimo cha leo asubuhi: 15.