Kwa nini dwafu amchukie chotara wa orki?

Haya wadau, nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya tesiti. Leo sina habari za foleni ya kantini wala za bumu kuchelewa. Leo nataka tubishane kuhusu mchezo.

Nyie mnaopita koridoni kwetu Jumamosi usiku mkasikia "mpige huyo goblini, mpige!" mkadhani kusoma kumetupanda kichwani, mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Watu watano mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo inaamua kama upanga umempata mtu au umepita hewani. Sio kama bao au drafti, huku hadithi ndiyo mchezo. Ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Na tangu Januari 2023 sheria zake za msingi zimewekwa huru, mtu yeyote anaweza kuzitumia na hata kuzitafsiri, ndiyo maana sisi nasi tumejitia kuzigeuza Kiswahili.

Sasa ugomvi ulianzia hapo hapo kwenye kutafsiri. Kila mhusika kwenye karatasi yake kuna mahali anaandika amezaliwa nani: binadamu, dwafu, elfi, nomu na kadhalika. (Mwanzoni tulikuwa tunasema "elfu", basi jamaa akitamka "natuma elfu mbili msituni" wote tunashika simu tukidhani M-Pesa.) Hapo mahali tupaiteje? Mmoja akasema rangi, mwingine akasema mbari, mwingine jamii. Mwisho tukakubaliana kuandika KABILA, maana ndilo neno linalokuja mdomoni lenyewe bila kulitafuta. Halafu tukawa tunalinganisha na toleo la mwaka 2000 ambalo mshkaji mmoja analo, tukasoma kwa sauti: "Kabila: chotara wa orki. Nguvu: ongeza 2. Akili: punguza 2. Mvuto: punguza 2."

Jamani. Kwa Kiingereza tulikuwa tumeisoma hiyo mistari mara mia na hakuna aliyeshtuka. Kwa Kiswahili chumba kizima kilinyamaza, halafu watu wakacheka kile kicheko cha kuangaliana.

Neno dwafu nalo lina hadithi yake. Kamusi inakupa mbilikimo. Mimi nilikataa kabisa, na sababu ni kwamba hilo neno Kiswahili kiliwapachika watu wa kweli, Wambuti na wenzao wa msitu wa Ituri kule Kongo. Ota Benga, kijana kutoka misitu ya Kongo hiyo hiyo, mwaka 1906 aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama. Siwezi kuchukua jina la watu waliofanyiwa hivyo nikampa mzee mwenye ndevu na shoka anayelinda dhahabu pangoni. Kwa hiyo dwafu, madwafu. Likisikika vibaya vumilieni, mtalizoea kama mlivyozoea kompyuta.

Turudi kwenye uhusiano wa haya makabila, maana hapo ndipo penye hoja yangu. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilikuwa na jedwali zima linaloonyesha nani anampenda nani. Sio utani, jedwali kabisa, mistari na safu, kama ratiba ya mihadhara. Kuna herufi sita: ya kupendelea, ya nia njema, ya kuvumiliana, ya kutojali, ya kutopendana, na ya chuki. Unashuka na mstari wa dwafu mpaka safu ya elfi unakuta hawapendani. Unakwenda safu ya chotara wa orki unakuta chuki. Kwa nini? Jedwali halisemi. Umezaliwa dwafu, basi unachukia, na juu yake unapewa nyongeza ya 1 kwenye dadu kila unapompiga orki. Yaani chuki ina faida ya kihesabu!

Kinachonikera zaidi ni kwamba sababu ilikuwepo. Mambo mengi ya elfi na madwafu yametoka kwa Tolkien, na Tolkien hakuandika jedwali. Kwake ugomvi una chanzo. Kwenye Silmarillion, iliyotoka mwaka 1977 baada ya yeye kufariki, mfalme wa elfi aitwaye Thingol anawapa madwafu kazi ya kutia kito kwenye mkufu, wanabishana mkufu ni wa nani, anawatukana, wanamuua humo humo karakanani, na baadaye inakuja vita na mji wake unatekwa. Ni kesi ya mali na matusi, kesi ambayo mzee yeyote wa baraza la kata angeielewa. Na kwa sababu ina chanzo inaweza pia kuwa na mwisho: kwenye Lord of the Rings, Gimli dwafu na Legolas elfi wanaanza kwa kununiana na wanamaliza wakishindana nani ameua maadui wengi, wakitaniana kama Mhehe na Mngoni. Na hao Wahehe na Wangoni walipigana kweli kweli karne ya 19, leo wanataniana mpaka msibani. Kwenye zile herufi sita za mwaka 1978 tafuteni herufi ya utani. Haipo. Waandishi walichukua chuki ya Tolkien wakaacha kisa chake kwenye rafu.

Mtaniuliza, wewe unasomea ualimu, unajali nini mambo ya maorki? Ndiyo maana najali. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwalimu mmoja ofisini aliniambia taratibu, kwa nia njema kabisa, nisijichoshe na watoto fulani darasani kwa sababu "hawa kabila lao hesabu haziwaingii". Hiyo ni nini kama sio akili punguza 2? Mtoto hajafungua daftari, ameshakatwa maksi. Tofauti ni kwamba kwenye mchezo imechapishwa wazi kwenye karatasi, shuleni iko kichwani mwa mtu na huwezi kuikatia rufaa.

Sasa wenye mchezo wenyewe hawakulala. Juni 2020 kampuni inayouchapa ilitoa tamko ikikiri kwamba maorki na drau walikuwa wameandikwa kwa namna inayofanana na jinsi watu wa kweli walivyodhalilishwa na wanavyoendelea kudhalilishwa. Drau ni elfi wa chini ya ardhi, ngozi nyeusi tii, na tangu walipoingia kwenye michezo ya mwaka 1978 sifa yao ilikuwa uovu. Weusi, waovu, kwa kuzaliwa. Sihitaji kueleza zaidi, mnaonisoma wote mna vioo. Mwaka huo huo 2020 wakafuta ile akili pungufu ya orki iliyokuwa imerudi kwenye kitabu cha 2016, na wakatoa kitabu kinachomruhusu mchezaji kuhamisha nyongeza zake anavyotaka. Halafu Agosti 2022 wakachapa jamii ya viumbe kama nyani, wanaitwa hadozee, waliokamatwa na mchawi, wakanyweshwa dawa ndipo wakapata akili, auzwe kila mmoja kama askari. Aliyewahi kusimama Bagamoyo akasimuliwa yaliyopita pale hawezi kusoma hiyo akageuza ukurasa kama kawaida. Septemba wakaomba radhi wakaifuta. Desemba 2022 wakatangaza kwamba lile neno lenyewe, ambalo sisi tumeliandika kabila, wanaliacha, na kitabu kipya cha 2024 kinasema spishi.

Na hapa ndipo mimi ninapoachana nao njia. Kufuta takwimu za akili, sawa kabisa, hata jana ilikuwa kuchelewa. Lakini angalieni kwenye orodha ya 2024: orki yupo, chotara wa orki hayupo. Chotara wa elfi naye hayupo. Unaruhusiwa kumtumia kutoka kitabu cha zamani, ila kwenye orodha mpya jina lake halimo. Najua kilichowasumbua. Vitabu vya zamani vilikuwa vinadokeza kwamba chotara wa orki anatokana na mama aliyebakwa vitani, na neno "nusu" kumwita mtu mzima lina ukakasi. Lakini hivi, mtu akizaliwa katika mazingira magumu dawa ni kumwondoa kwenye orodha? Mimi naona ni kumwonea mara ya pili.

Dawa mbona ipo, na iliandikwa na mtu wao wenyewe miaka 20 kabla! Mwaka 2002 waliitisha shindano la kubuni ulimwengu mpya wa kuchezea, wakapata maandiko kama 11,000, akashinda Keith Baker. Ulimwengu wake unaitwa Eberron, ulitoka mwaka 2004. Humo uadui upo tele, tena mkali, ila kila uadui una mwaka na mahali. Magoblini hawachukiwi kwa sababu ni magoblini. Walikuwa na dola kubwa, Dhakaan, maelfu ya miaka kabla binadamu hajavuka bahari. Dola ikavunjwa na majitu kutoka ulimwengu mwingine, binadamu walipofika wakayakuta mabaki, wakawafanya wengi watumwa na kujenga miji juu ya misingi yao. Sharn, mji wa minara unaosifiwa kuliko yote, umekaa juu ya magofu ya goblini. Halafu mwenye nyumba akilalamika anaitwa mnyang'anyi. Wakati wa vita ya karibu miaka 100, binadamu wanawakodi mahobgoblini wawapiganie, na mwaka 969 wa kalenda yao wale askari wanageuka, wanajikatia nchi yao, Darguun. Kwenye mkataba wa amani wa mwaka 996 nchi hiyo inatambuliwa. Ya jirani, Droaam, ya mazimwi, haitambuliwi. Sasa mpe hayo mchezaji wa elfi aliyefukuzwa Darguun na mchezaji wa goblini aliyezaliwa kwenye vibanda vya Sharn, uone kama watahitaji jedwali ili wagombane.

Na chotara wa orki? Kule kwenye Shadow Marches, mabwawani, maorki na binadamu wameishi pamoja vizazi na vizazi. Mtoto wao ana jina la heshima, jhorgun'taal, maana yake mtoto wa damu mbili, na anahesabiwa ndiye daraja la pande zote. Kuna ukoo mkubwa wa biashara wa Tharashk ambao kipaji chao cha kutafuta vitu vilivyopotea kimo kwenye damu ya binadamu na ya chotara. Na maorki wa huko ndio wa ukoo wa wale waganga waliofunga milango ya yale majitu na kuiokoa dunia nzima, ila binadamu wa mjini hawajui, wanawaona washamba tu. Haikufutwa herufi hata moja, limeongezwa simulizi.

Wapo wenzangu mezani wasiokubali. Mmoja anasema, mimi nimetoka kipindi cha DS saa kumi na mbili jioni, nimechoka na historia ya ukoloni, nataka kupiga kitu kibaya nikalale. Namwelewa kabisa, na siku nyingine mimi pia nataka hivyo hivyo. Basi tumpe majambazi, tumpe mfu aliyefufuka, tumpe joka. Na goblini naye apigwe, akiwa amekuja na jambia usiku! Ila asipigwe kwa sababu ya mstari wa juu wa karatasi.

Tulijaribu wiki mbili zilizopita. Kikundi chetu kilifika daraja la mpakani mwa Darguun, mahobgoblini sita wanataka ushuru. Dwafu wetu akashika shoka kama kawaida yake. Msimamizi akamuuliza swali moja tu: wewe binafsi wamekufanyia nini? Jamaa akakaa kimya kama dakika nzima, halafu akabuni kaka aliyekufa kwenye daraja lile lile wakati wa vita. Hobgoblini mzee akajibu kwamba na yeye alikuwepo siku hiyo, na wakamwonyesha makaburi, ya pande zote mbili, yakiwa yamefagiliwa. Hatukupiga mtu. Saa tatu nzima ziliishia kwenye kujadiliana ushuru na kumtafuta nani alitoa amri siku ile, na aliyelalamika sana kuhusu DS ndiye aliyekataa tulale.

Kwenye karatasi zetu bado hatujaelewana tuandike nini mahali pa kabila. Mimi napigania "wa kwao ni wapi", ingawa ni refu na haliingii kwenye kile kiboksi. Spishi silitaki, linanirudisha kwenye Bailojia ya kidato cha tatu na nyasi za kukausha. Mwenye neno zuri aniachie hapo chini, au aje Jumamosi saa mbili usiku, kiti kimoja kiko wazi kwa sababu mchezaji wa nomu ameenda kwao kwa wiki mbili. Dadu ya pande 20 ni ya kwenye simu, kwa hiyo njoo na chaja yako.