Waraka kwa wanachama: maji yakijaa, tuwaachie vitwitwi mahali pa kupumzika

Ndugu wanachama,

Kaskazi imelegea na masika yamekaribia. Hizi ndizo wiki ambazo kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, anayeitwa na wanasayansi Calidris ferruginea, hujiandaa kuondoka hapa kwetu hori ya Mida. Nawaandikia kwa ajili yake, na ombi langu ni moja: maji yakijaa, tusimfukuze anapopumzika.

Kwa waliojiunga karibuni, huyu ni ndege wa sentimita 20 hivi. Mgongo ni wa kijivu, tumbo jeupe, miguu myeusi, na juu ya jicho pana mstari mweupe. Mdomo wake ni mrefu, umeinama chini kuelekea ncha. Akiruka, tazameni juu ya mkia: ni peupe kabisa. Wenzake wengine wadogo anaochanganyika nao wana mstari mweusi hapo katikati. Akila, huingia majini hadi tumboni na kudunga matope mfululizo kama sindano ya cherehani, akitafuta minyoo, konokono na kaa wachanga. Siku hizi mkimtazama kwa darubini mtaona pia vidoa vyekundu vikijitokeza kifuani kimoja kimoja. Ndiyo manyoya ya kuzalia yanayoanza kuota. Kabla ya Aprili kwisha, baadhi ya madume watakuwa wamekolea rangi ya matofali kuanzia usoni hadi tumboni.

Anakokwenda ni Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, nchi isiyo na miti. Kutoka hapa kwetu Watamu hadi rasi ya Taimyr ni zaidi ya kilomita 8,000. Jike hutaga mayai manne ardhini na kuyaatamia peke yake. Dume huondoka mapema, mayai hayajaanguliwa, na ndiyo sababu mwezi wa Agosti tunawapokea wakubwa kwanza, wengine bado wana mabaki ya wekundu. Makinda hufuata baadaye. Wanasafiri njia wasiyoijua, bila mzazi wa kuwaongoza, na bado wanafika. Mimi jambo hili sijalizoea hata leo.

Huko kwao hatima ya makinda imefungamana na panya mdogo aitwaye lemingi. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba na kuyaacha mayai ya ndege. Wakipungua, mbweha huyageukia mayai na vifaranga, na msimu huo huweza kupita karibu bila kinda aliyenusurika. Kwa hiyo tunapohesabu ndege kila Januari na kuwatenga wachanga na wakubwa, tunapata habari za nchi ambayo wengi wetu hatutaikanyaga. Fomu zijazwe kwa uangalifu huo.

Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimpandisha ndege huyu kutoka kundi la wanaokaribia hatari hadi kundi la walio hatarini. Mbweha wa Siberia hatuwawezi. Ufuo wetu tunauweza.

Kitwitwi anayefika kwetu akiwa na gramu 50 na kitu huweza kupita gramu 80 kabla ya kuondoka, na mafuta hayo ndiyo chakula chake cha njiani. Maji yakipwa, anakula, usiku kwa mchana. Yakijaa, matope hufunikwa, naye hana la kufanya ila kusimama na wenzake kwenye fungu la mchanga, akilinda alichokipata. Wakati wa bamvua mafungu yenyewe hubaki machache. Mtumbwi mmoja ukiwakaribia, au mbwa mmoja akiwakimbilia, kundi zima huruka na kuzunguka hori, na kila mzunguko unakula mafuta ya safari.

Basi ndugu waongoza wageni, msiwapeleke watu kwenye mafungu maji yakiwa juu ili wapige picha za ndege wakiruka. Subirini maji yaanze kupwa, mkae kimya kando ya mikoko. Ndege watafuata ukingo wa maji wenyewe, na mgeni atawaona kwa karibu zaidi kuliko kama angewakimbiza. Wenye mbwa, wafungeni maji yakiwa juu. Wavuvi na wachimba chambo ni jirani zetu, wana riziki yao hapo. Tuzungumze nao kwa heshima, tusiwaamrishe.

Mkiona pete au kibendera mguuni, andikeni rangi, herufi, mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya kifundo, na saa mliyoona. Msijaribu kumshika.

Mwezi wa Juni mtawakuta wachache wamebaki, wa kijivu vilevile. Si wagonjwa. Wengi ni wale wachanga wa mwaka jana, ambao hukaa nasi kusi yote hadi mwaka ufuatao. Ombi hili linawahusu na wao pia, kwa hiyo zamu za ufuoni ziendelee baada ya Mei.

Wenu katika kazi hii,
Katibu