Rangi ya gari hailindwi kwa maneno matamu

Biashara mpya imechipuka katika miji yetu kando ya ile kongwe ya kuosha magari. Nairobi, Mombasa, Nakuru na kwingineko, vijana ambao jana walikuwa na ndoo na vitambaa pekee leo wana mashine za kupigia polishi, taa kali za kukagulia rangi na vichupa vidogo vya dawa iitwayo seramiki. Mwenye gari huelezwa kwamba asipolipaka dawa hiyo mapema, rangi itapauka kabla hajamaliza kulipa mkopo. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, kiasi ambacho chaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu.

Mimi sina ugomvi na biashara hiyo. Kulinda mali ni busara, na vijana wanaojitafutia riziki kwa jasho lao wanastahili kupongezwa. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo inaendeshwa gizani. Mnunuzi hajui anachonunua, mwuzaji naye mara nyingi hurudia tu maneno aliyoyasoma kwenye kisanduku, na baina yao hapana kipimo wala maandishi. Penye hali kama hiyo, anayeumia ni yule mwenye kipato kidogo aliyekopa kwenye chama cha akiba na mikopo ili apate gari lake la kwanza.

Yafaa tujiulize ni kwa nini jambo hili limepamba moto katika miaka hii. Mwezi Julai 2023, ushuru wa forodha kwa magari yanayoingizwa nchini uliongezwa kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Kufikia Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa imepita shilingi 160, kabla ya shilingi kujikwamua na kurudi kwenye 130 hivi katika mwaka huohuo. Aliyenunua gari katika kipindi hicho alilipata kwa taabu, na hatarajii kulibadilisha upesi. Si ajabu basi kwamba anamsikiliza kwa makini kila anayemwahidi kuwa gari lake litadumu.

Isitoshe, neno "jipya" lina maana yake hapa kwetu. Magari mengi tunayoyaita mapya yametumika Japani kwa miaka kadhaa, kwani kanuni zetu zinaruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini mradi umri wake usizidi miaka minane. Kwa Mkenya wa kawaida, gari jipya ni gari lenye nambari mpya ya usajili. Rangi yake imekwisha kupigwa na jua na mvua za nchi nyingine, na huenda imepigwa polishi zaidi ya mara moja ili ivutie macho ya wanunuzi. Jambo hili wauzaji wa seramiki hulipita kimya, ilhali ndilo lililopaswa kutangulia mengine yote.

Nieleze kwa nini. Rangi ya gari ni matabaka kadhaa yaliyolaliana. Juu ya bati huwekwa tabaka la kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho vanishi angavu isiyo na rangi. Matabaka hayo yote kwa pamoja, katika magari mengi, yana unene wa baina ya maikroni 100 na 150. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa kichwa una maikroni 70 hivi. Hii ina maana kwamba kinachotenganisha bati na mvua hakizidi sana unene wa nywele mbili. Vanishi peke yake, ambayo ndiyo ngao ya yote yaliyo chini yake, huwa na maikroni 40 au 50 hivi, yaani haifikii hata unywele mmoja.

Sasa tuangalie polishi hufanya nini. Mashine haijazi mikwaruzo kama wengi wanavyodhani. Inachofanya ni kuisaga vanishi mpaka uso wake uwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kwa hiyo kila polishi nzito hula maikroni kadhaa, na zilizoliwa hazirudi. Vanishi ni kama akiba iliyowekwa mara moja tu katika maisha ya gari: waweza kutoa, huwezi kuweka tena. Gari lililokwisha kupunguziwa akiba hiyo ng'ambo, likafikishwa kwa fundi asiye na chombo cha kupimia unene wa rangi, laweza kumalizwa kabisa kwa jina la kulindwa. Litang'aa kwa majuma machache, kisha jua litapenya na kuipausha rangi iliyobaki bila mlinzi.

Na jua letu si la mchezo. Nchi yetu imekatwa na Ikweta, na miale ya urujuanimno hutushukia karibu wima mwaka mzima. Tazama gari lolote kuukuu barabarani: paa na boneti ndivyo vilivyopauka na kubambuka, ilhali milango ingali na rangi yake. Hilo ni somo tosha kwamba adui wa kwanza hutoka juu.

Adui wa pili ni vumbi. Wanafunzi wa jiografia wanajua kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambapo talki ni 1 na almasi ni 10. Kwatzi, madini yaliyojaa katika mchanga, ni 7. Mlinzi wa lango anayelipangusa gari la mwalimu alfajiri kwa kitambaa kikavu, kwa nia njema kabisa, anaisugua vanishi kwa chembe hizo ngumu. Kijana anayeosha magari kumi kwa ndoo moja ya maji na sabuni ya unga anafanya vivyo hivyo. Ile mikwaruzo mizungu inayoonekana kama utando wa buibui jua linapoliangaza gari huletwa zaidi na mikono yetu wenyewe wakati wa kusafisha kuliko na safari.

Hapo ndipo seramiki inapoingia. Kabla yake kulikuwa na nta, hasa ile itokanayo na majani ya mnazi-mwitu uitwao carnauba unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazili. Nta huleta mng'ao mzuri, lakini haidumu mbele ya joto na sabuni kali. Ipo pia filamu angavu ya plastiki, ambayo asili yake ni jeshi la Marekani lililotafuta namna ya kukinga mabapa ya helikopta dhidi ya mchanga katika vita vya Vietnam. Filamu hiyo yenyewe ina maikroni 150 au zaidi, ndiyo maana yaweza kumeza pigo la kokoto. Seramiki nayo ni umajimaji wenye silikoni ndani yake, ambao hukauka na kushikamana na vanishi. Unene wake ni maikroni moja au mbili tu.

Ndugu msomaji, linganisha takwimu hizo mbili, 150 na mbili, nawe utaona ni ahadi ipi haiwezekani. Seramiki iliyopakwa vizuri huzuia uchafu usishike, huyafanya maji yateleze, hupunguza makali ya kinyesi cha ndege na utomvu wa miti, na hurahisisha kuosha. Hizo ni faida za kweli. Hata hivyo, haizuii kokoto za barabara ya Isiolo kuelekea Garbatula zisiibandue rangi, haizuii kutu pale bati lilipokwisha kufunuliwa na upepo wa chumvi wa Pwani, wala haimruhusu mtu kulipangusa gari kwa kitambaa kikavu. Anayesema vinginevyo anauza uzuri wa mkakasi.

Lakini hakuna neno linalowatia watu kiwewe kama lile la "9H" lililoandikwa kwenye visanduku vya dawa hizi. Nimewasikia wauzaji wakilieleza kuwa ni ugumu wa tisa katika kumi, yaani hatua moja tu chini ya almasi. Madai hayo ni ya uongo, na mwanafunzi yeyote mwenye kisanduku cha penseli aweza kuyakanusha. Herufi H hiyo ndiyo ileile iliyo kwenye penseli zetu, tunazozijua kwa HB, 2B na 2H. Kipimo chenyewe ni kusukuma ncha ya penseli juu ya rangi iliyokauka na kuangalia ni penseli ipi inayoanza kuacha alama. 9H ni penseli ngumu mno, ndiyo, lakini risasi yake ni mchanganyiko wa grafiti na udongo wa mfinyanzi. Dawa inayostahimili penseli haijathibitisha kamwe kwamba itastahimili kwatzi. Vipimo hivyo viwili havina uhusiano kabisa, ila namba zimefanana, na katika mfanano huo fedha za watu zinapotea.

Nini basi kifanyike? Kwa mnunuzi, nina ushauri wa mambo manne. Kwanza, adai rangi ipimwe unene kwa chombo, paneli moja baada ya nyingine, kabla ya mashine kugusa gari. Chombo hicho kitamfichulia pia mlango uliopakwa rangi upya baada ya ajali, siri ambayo mwuzaji wa gari hakumwambia. Pili, aulize ni saa ngapi zitatumika kuosha, kutoa uchafu ulioganda na kusawazisha uso, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni maandalizi hayo, si kile kichupa. Seramiki iliyopakwa juu ya mikwaruzo huifungia mikwaruzo ndani. Tatu, dhamana ya miaka mitano iandikwe, pamoja na masharti yake, maana nyingine hubatilika mwenye gari asipolirudisha kila mwaka kukaguliwa kwa malipo mengine. Nne, kama fedha hazitoshi, asijitwike deni. Ndoo mbili, moja ya sabuni laini na nyingine ya kusuuzia, kitambaa safi chenye nyuzi nyororo, nta ya bei nafuu kila baada ya miezi michache, na kivuli cha kuegeshea, vitaifaa rangi kuliko seramiki iliyopakwa ovyo.

Kwa upande wa Serikali, sheria haikosekani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumweleza mtu sifa ambazo bidhaa haina. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia sheria hizo katika mambo tunayoyaona madogo. Mwananchi hulalamika kwa jirani, jirani hutikisa kichwa, na mchezo huendelea.

Muhimu zaidi ni mafunzo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huwatahini mafundi wa fani nyingi na kuwapa vyeti, na vyuo vya ufundi vimetapakaa katika kaunti zote. Kazi ya kutunza rangi ya magari yastahili nafasi kamili humo. Kijana anayeishika mashine hiyo anahitaji kujua unene anaoushughulikia, na pia jinsi ya kuyakinga mapafu yake dhidi ya vumbi la polishi na mvuke wa dawa katika vibanda visivyopitisha hewa. Leo anajifunza kwa kuharibu magari ya watu, na afya yake haimjali mtu.

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Tumefundisha kipimo cha Mohs miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wakakikariri, wakafaulu mtihani, kisha wakatoka kwenda kudanganywa kwa namba tisa. Kisa ni kwamba somo halikuwahi kuvuka mlango wa darasa. Mtaala wa umilisi tunaoutekeleza hivi sasa unadai mwanafunzi aweze kutumia anachokijua. Basi mwalimu na awatoe wanafunzi wake hadi penye maegesho ya shule, awaonyeshe paa lililopauka na mlango uliosalimika, awape penseli na kipande cha bati kilichopakwa rangi, awaache wajionee wenyewe. Somo hilo halitagharimu hata shilingi mia, na atakayelielewa hatauziwa kichupa kwa bei ya mshahara bila kuuliza swali.