Wafaransa Hawakuwa Wajinga

Kila vikitajwa vita vya Crécy vya 1346 na Agincourt vya 1415, tunasimuliwa yale yale: Waingereza walikuwa na silaha ya ajabu, upinde mrefu, na Wafaransa kwa kiburi cha makabaila wao wakakataa kuuiga hadi wakamalizwa. Napinga. Simulizi hii inautukuza mti na kumsahau aliyeushika.

Tuutazame huo upinde. Mary Rose, meli ya Mfalme Henry VIII iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na kuopolewa 1982, ilikutwa na pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Ni fimbo za mti wa yu, nyingi zikikaribia mita mbili: upande wa nje mbao changa inayonyumbulika, upande wa ndani kiini kigumu. Fundi yeyote hodari angeweza kuzichonga. Kazi ilikuwa kuzivuta, kwani nyingi zinakadiriwa kutaka nguvu ya kilo 45 hadi zaidi ya 70. Mpe askari shupavu aliyefunzwa mwezi mmoja, upote hautafika shavuni. Humo melini yalipatikana pia mabaki ya wanaume ambao mfupa wa bega haukuunga sawasawa, jambo ambalo wachunguzi wanalihusisha na kuvuta pinde nzito tangu ujanani.

Bega la namna hiyo halinunuliwi. Mwaka 1363 Mfalme Edward III wa Uingereza aliamuru kila mwanamume mwenye afya afanye mazoezi ya kulenga shabaha siku za sikukuu, akapiga marufuku mpira na kupiganisha majogoo. Mtoto alianza na upinde mwepesi, akaongezewa mzito kadiri alivyokua. Na utawala ulikubali hatari ya kumwachia mkulima silaha inayoweza kumuua bwana wake. Mwaka 1381 wakulima walioasi waliingia London, baadhi yao na pinde mkononi.

Wafaransa waliiona hatari hiyo mapema. Mwandishi wao wa zama hizo, Jean Juvénal des Ursins, alisimulia kwamba mazoezi ya upinde yalizuiwa kwa hofu kwamba wapiga mishale wakiungana wangewazidi nguvu wakuu. Tuwalaumu kwa woga wa kisiasa tukitaka, lakini tusiseme hawakuelewa. Isitoshe, walikuwa na upinde wa kufyatua, ambao mtu huumudu kwa muda mfupi, na Genoa ilikuwa na mabingwa wake wa kukodiwa. Pale Crécy mabingwa hao walisukumwa mbele huku ngao zao kubwa zikiwa bado nyuma kwenye mizigo. Kosa hilo ni la makamanda.

Tena waliiga! Mwaka 1448 mfalme wao Charles VII aliitaka kila parokia itoe mpiga mishale mmoja, naye akasamehewa kodi. Silaha ikapatikana, malezi yakakosekana. Katika vita vya Guinegate mwaka 1479 kikosi cha wapiga mishale hao kilivurunda, na Mfalme Louis XI akakivunja na kukodi Waswisi.

Na anayeshikilia kwamba upinde wenyewe ulitosha, atueleze vita vya Patay, Juni 1429. Waingereza walikuwa na pinde zile zile na wapiga mishale waliozizoea. Wafaransa waliwavamia kwa farasi kabla hawajamaliza kupanga safu na kusimika vigingi vyao vya kuzuia farasi, wakawafagia.